Hasi Mara Hasi

Nilikuja na daftari la baba kichwani.
Duka la mazulia, Derbent, chini ya ukuta wa kale:
anayekopa aliandikwa kwa wino mwekundu,
akilipa, mstari wa buluu unampitia juu.
Humo ndimo nilimojifunzia hesabu.
Mpaka leo hasi, kwangu mimi,
ni jirani anayevuka barabara
asije akakutana macho na baba.

Basi huku, kando ya Indigirka,
ambako jua la Desemba huchungulia likajirudia zake,
nikaandika ubaoni:
*Mtu anadaiwa mazulia matano.*
Madawati kumi na moja yakanitazama.
“Kwa nini asiyarudishe tu?”
akauliza Erchim, mwana wa wafuga farasi.
Nikafuta.

Kesho yake chaki yangu ikaelekea dirishani,
kwenye kipimajoto kilichofungwa nje kwa waya.
Lo! Kumbe nilikuwa nawafundisha samaki maji.
Hasi ishirini: siku ya kucheza bila glavu.
Hasi arobaini: kope hushikana.
Hasi hamsini: pumzi huganda ikitoka,
ukaisikia ikianguka kama mtama unaomwagwa,
na wadogo hawaji shule.
Walijumlisha, wakatoa, wakanipita mbio;
wiki moja, sura tatu za kitabu.

Kisha nikaandika: hasi mara hasi ni chanya.

Erchim akaweka kalamu chini.
“Mwalimu Zumrud,
baridi juu ya baridi haizai joto.
Mjomba wangu hana vidole viwili.”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kanuni.
Wakainakili
kama mtu anavyonakili jina la mfalme wa mbali,
na Erchim akapata kumi kwa kumi
kwa uso wa mtoto aliyelazimishwa kusema uongo.

Mama mwenye nyumba wangu, Akulina,
huyeyusha barafu ya ziwani kwa maji ya ng’ombe.
Jioni ile nilimsaidia, nikazidisha mkono.
“Umeijaza! Ng’ombe anywe au agande?
Toa. Toa tena. Na hicho.”
Nikatoa kipande, nikatoa cha pili, cha tatu,
glavu zikichuruzika,
na maji ndani ya ndoo yakaanza kupata uvuguvugu.
Nikasimama pale kama aliyeitwa kwa jina.
Mara tatu. Kuondoa. Baridi.

Ndoo nikaibeba hadi darasani.
Erchim akatia kidole, akangoja, akatia tena.
Kicheko kilimjia polepole, kikianzia mabegani.
“Aa. Kumbe hatuirundiki.
Tunaitoa.”

Ningeweza kuishia hapa.
Lakini Prokopy, wa fizikia, alipuliza chai yake
katika chumba cha walimu, akasema bila ukali:
“Baridi si kitu, Zumrud. Haitolewi, haitiwi.
Joto tu ndilo huja na kuondoka.
Miaka miwili, watakuja kwangu
na hiyo ndoo yako vichwani,
nami nitakuwa na kazi ya kuimwaga.”

Ni kweli. Nilijua ni kweli
tangu nilipokuwa nikiibeba, maji yakinirukia magotini.
Ila mtoto hakanyagi hewani;
nilimpa gogo la kuvukia,
na magogo, najua, huoza.
Nani aliyenimwagia mimi daftari la baba?
Bado limo. Wino haujakauka.

Jumapili alipiga simu, mzee wangu,
sauti yake imejaa vumbi la sufu.
“Kuna baridi kiasi gani huko?”
“Hasi hamsini na moja, baba.”
Kimya. Nikamsikia akivuta kiti,
akitafuta, naapa, kalamu.
“Hamsini na moja,” akasema. “Ni nyingi.
Wanalipa lini?”

Nilitaka kucheka, nikakuta nahesabu miezi.
“Mwezi wa tano,” nikamjibu.
“Mto ukipasuka.”